Alama ya Upande wa Kulia

Jioni ile nilikwenda bwawani kutega nyavu, kazi ninayoweza kuifanya hata nikiwa nasinzia.

Tunahesabu samaki wa mdomo mpana, wale wanaopendwa na wavuvi wa ndoana. Tunawakamata, tunawapima, kisha tunawapiga alama ya njano yenye namba kando ya pezi la mgongoni, kwa kifaa kama kile cha kutundikia bei kwenye nguo za dukani. Halafu tunawaachia. Idadi ya wanaorudi nyavuni ndiyo inayotuambia bwawa lina samaki kiasi gani.

Alama hupigwa upande wa kushoto. Ni kaka yangu tu aliyepiga kulia, maana alikuwa mashoto. Bosi aligomba mpaka akachoka.

Mwaka jana kaka alizama humo humo bwawani. Mwili haukupatikana. Mfukoni alikuwa na pakiti mpya ya alama, namba 401 mpaka 450. Zamu ilikuwa yangu. Nilimwambia nina mafua, akaenda yeye.

Sikuwa na mafua.

Tangu siku hiyo sijalia. Nina ganzi tu. Hata chai ya moto siisikii ulimini.

Mwaka huu samaki wa kwanza alitoka na namba 401. Upande wa kulia. Niliandika kwenye fomu, nikanyamaza. Kufikia wiki ya tatu zilikuwa zimerudi zote, isipokuwa ya mwisho.

"Mwanangu, umebaki wewe tu," mama alisema mchana ule. "Usiende."

"Namalizia, mama."

Nilidhani nikiipata 450, yatakuwa yamekwisha.

Mzee wa boti alizima injini katikati ya bwawa, akakaa mbele yangu. "Huyo wako wa mwisho ana aibu kama bwana harusi," alisema, akacheka peke yake. Niliinama kushusha wavu.

Ikaja harufu ya sabuni. Ile ya kaka.

Kisha matone... tone... tone... nyuma yangu, ndani ya boti. Mzee aliacha kucheka. Alikuwa akitazama juu ya bega langu.

"Usigeuke," alinong'ona.

Tik.

Sauti ndogo, ninayoijua. Sikusikia maumivu. Nilimaliza kushusha wavu kwa sababu sikujua la kufanya.

"Umeona nini?" nilimuuliza tulipofika ukingoni.

"Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu. Nenda kwa mama yako." Hakunitazama.

Nyumbani mama aliona shati limelowa mgongoni. Akalipandisha. Vidole vyake vikatua juu ya ngozi yangu.

"Hiki cha njano ni nini?"

"Kina namba?"

"Mia nne hamsini."

"Upande gani?"

"Wa kulia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikivute?"

"Usikivute. Kina ndoana kwa ndani."

Alilishusha shati taratibu, akalinyoosha kama alivyokuwa akitufanyia sote wawili tukienda shule. Kisha akaketi kitandani.

"Mkishawapiga hizi, mnawafanyaje?"

"Tunawaachia, mama."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi kuwachukua."

Hapo ndipo mgongo ulipoanza kuuma.