Breka za Boti ya Katunguru

Mwaka ule wa hofu ya Ebola, hakuna aliyeingia soko la mpakani la Mpondwe bila kunawa mikono. Siku ya soko foleni ilifika barabarani. Jonan, fundi mwembamba mwenye ovaroli ya buluu iliyofifia magotini, alifika kwenye pipa la maji mikono imejaa grisi, akasimama tu, hataki kulichafua bomba. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, amevaa kitenge cha njano chenye ndege wa kijani, akasogea, akalifungua kwa kiwiko na kulishikilia.

"Nawa polepole, papa. Hatukimbii."

Nyuma watu walinung'unika. Mwanamke hakugeuka kuwatazama hadi Jonan alipomaliza hata chini ya kucha.

Aliitwa Alliance, mtu wa Butembo, upande wa Kongo, na alikodi kibanda Bwera, jirani na soko, akiuza vifaa vya umeme. Jonan alicheka alipogundua kwamba kibanda alichoelekezwa kilikuwa cha mwanamke yuleyule. Alihitaji breka, zile swichi zinazokata umeme zenyewe mambo yakiharibika. Za boti aliyoitunza pale Katunguru, boti ya kupeleka wageni kutazama viboko kwenye mfereji mpana unaounganisha maziwa mawili, zilikuwa zimezeeka. Ile ya pampu inayotoa maji ndani ya boti ilikuwa ikianguka ovyo, yaani ikikata umeme bila sababu, hata mzee Nobert, nahodha, akaifunga kwa kipande cha mpira wa tairi isianguke tena.

Kabla Jonan hajaeleza hayo, Alliance alikuwa ameshaanza kusimulia habari za kwao huku akitafuta kwenye maboksi. Kaka yake alikuwa mvuvi Kyavinyonge. Ziwa lilimchukua.

"Mutu wa maji, mi siolewi naye," alisema, akicheka kwa mdomo tu. "Hata akuje na ng'ombe. Haya, unataka ya nyumba ao ya betri?"

Jonan alitazama wale ndege wa kijani begani mwake.

"Ya nyumba," akajibu. Alijua injini kuliko umeme, na moyoni alijiambia kwamba breka ni breka.

Alliance alizifunga katika kipande cha kitenge zisigongane njiani.

Watu hawakushikana mikono mwaka ule. Jonan alipopita Bwera, yeye na Alliance waliweka mkono kifuani, kila mtu kwenye kifua chake, wakacheka. Mapenzi yao yalikua kwenye simu.

"Sheri, mpenzi, kwako kunavuma nini?" aliuliza Alliance.

"Barabara. Malori ya simiti."

"Malori yanalia kama kiboko?"

"Dereva amelala juu ya honi," alisema Jonan, naye Alliance akacheka hadi akakohoa. Upande huu Jonan alikuwa akikimbia kulipa mgongo gati na viboko wake, simu mkononi. Hakutulia tena. Alianza kumpigia kutoka kando ya barabara ya Kinyamaseke, ambako malori yalikuwepo kweli.

Kisha alasiri moja magugu yaliziba pampu katikati ya mfereji. Breka mpya ilipaswa kuanguka. Badala yake ilitoa moshi, ikayeyuka, na pampu ikafa. Bahati hapakuwa na wageni. Jonan na mzee Nobert walichota maji kwa mabeseni mpaka ukingoni, viboko wakiwatazama.

Hofu yake iligeuka hasira. Siku ya soko iliyofuata aliiweka ile breka nyeusi juu ya meza ya Alliance, mbele ya wateja.

"Nyabo, uliniuzia feki," alisema, akimwita bibi kama mtu asiyemjua.

Alliance aliigeuza, akainusa.

"Hii iliunguzwa na betri. Ya nyumba haiwezi kukata umeme wa betri kubwa. Ni nyumba gani hiyo, Jonan?" Macho yake yalishuka hadi kwenye buti za Jonan, zenye tope la kijani la mfereji. Kisha akafunika bidhaa zake kwa turubai, jua likiwa bado juu.

Jonan alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga akiwa kwenye injini, akiwa kitandani, akiwa anakula chakula asichokionja. Mwishowe akapokea Olivia, muuza chai wa kibanda cha jirani, aliyekuwa akimpelekea Alliance chai ya tangawizi bila kumwuliza kitu.

"Hakuli," alisema. "Naweka simu kwa sikio yake. Wewe sema ya kweli tu."

"Mimi ni mtu wa maji. Niliogopa kukupoteza, nikakudanganya, na boti ikakaribia kuzama. Breka haikuwa feki. Feki ilikuwa mimi."

Alisikia pumzi yake, kisha simu ikakatika.

Siku chache baadaye bodaboda ilimshusha Alliance Katunguru. Alikuwa na kile kitenge cha njano na furushi zito. Hakusalimia.

"Hizi ni za betri. Toa zote za zamani, nione."

Jonan aliondoa nyaya za betri kwanza, kisha akafungua breka moja baada ya nyingine, Alliance akimpa skrubu kutoka kiganjani. Mzee Nobert aliufungua mpira wake wa tairi mwenyewe, akautupa kwenye pipa la taka kwa aibu. Walipomaliza, Jonan alisokota kitambaa na kuiziba pampu. Breka ikaanguka: tak.

"Rudia," alisema Alliance.

Ikaanguka tena. Akaipandisha kwa kidole chake mwenyewe, akataka tena, na tena, mpaka pumzi yake ikatulia.

"Sasa tuende."

"Wapi?"

"Juu ya maji. Nataka kuona kwenye utakuwa unashinda."

Akaenda kwenye dumu la gatini, akanawa kwa sabuni. Jonan akamfungulia bomba kwa kiwiko, akalishikilia hadi alipomaliza hata chini ya kucha. Kisha naye akanawa, akaruka botini. Alliance alisimama ukingoni, akanyoosha mkono.

Ilikuwa mara ya kwanza kushikana. Mkono wake ulikuwa na maji na baridi.

Katikati ya mfereji Alliance alikuwa bado amefumba macho.

"Baba atakuuliza kazi yako."

"Nitasema boti."

"Sema hiyo kwanza. Mbuzi wa mahari utaleta nyuma."

Mzee Nobert akajifanya anahesabu viboko. Walipofika gatini, Alliance alishuka, lakini mkono wa Jonan hakuuachia.