Sponji ya Mjomba Amoni

Kila alipotoka shule, Ikupa wa darasa la sita hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwenye zahanati ya binafsi, mojawapo ya zile zilizokuwa zikifunguliwa miaka ile, ambako mama yake, Lilian, alifanya kazi ya usafi. Alimsaidia kupiga deki veranda, kazi isiyoisha pale Tukuyu. Mvua ikikatika watu wanaleta tope, isipokatika wanaleta tope zaidi.

Wiki ile kulikuwa na jambo jipya. Mjomba wake Amoni, fundi friji wa mtaa wa Msasani hapohapo Tukuyu, alikuwa akifunga kiyoyozi katika chumba cha maabara. Watu walicheka sana. Kiyoyozi cha nini kwenye baridi ya masweta mawili? Lakini mashine mpya ya kupima damu ilitoa joto jingi, na madirisha hayakufunguliwa ili ukungu usiingie.

"Mjomba, hizi nyeusi ni za nini?" Ikupa aliuliza, akibonyezabonyeza mirija laini ya sponji.

"Za kuvalisha mabomba ya gesi. Mabomba ni mawili, na kila moja lina nguo yake. Yanakuwa ya baridi sana. Ukiyaacha wazi, ukungu wetu huu unayashika, yanatoka jasho, na maji yanadondoka darini."

Ikupa alisikia, ila mawazo yake yalikuwa Nkunga kwa bibi yake. Bibi alibeba mikungu ya ndizi kichwani hadi sokoni Kyimo, na ngata yake ya majani makavu ya mgomba ilimchoma utosini. Amoni alipokwenda kula, Ikupa alikata kipande kirefu cha sponji, akakizungusha na kukifunga kwa kamba. Ikawa ngata laini ajabu.

"Ndaga fijo, mjukuu wangu!" bibi alimshukuru Jumamosi. "Umeitoa wapi?"

"Kwa mjomba. Ni masalio tu, bibi."

Siku ile Amoni aliporudi kutoka kula, sponji haikutosha mabomba. Alipima upya, akakuna kichwa. Sponji ya namna ile ilipatikana Mbeya mjini tu, na Dada Pudensiana, mkuu wa maabara, alikuwa akimharakisha. Aliona aibu kusema kwamba amekosea vipimo. Akazungushia matambara na mfuko wa plastiki pale palipobaki wazi, kisha akafunika dari.

Haikupita wiki, maji yakaanza kudondoka karibu kabisa na mashine.

"Fundi, tone likiingia humu, wagonjwa watapimwa na nani?" Pudensiana alifoka.

Amoni alipanda ngazi, akabadilisha matambara. Yakalowa. Akaongeza plastiki, maji yakapita pembeni. Ikupa alisimama chini ameshika beseni, akilisogeza huku na huku. Alitamani yakatike hata kwa muda mfupi tu, lakini yaliendelea. Alijua la kusema, lakini akaendelea tu kulisogeza beseni.

Jioni moja, akiwa uani nyumbani, alimsikia mjomba wake akizungumza na mama.

"Dada, naacha ufundi. Nilipima mara mbili, na bado sponji ikapungua. Kazi hii siiwezi. Narudi Nkunga nikachume chai."

Mtu aliyejifunza ufundi kwa taabu sasa hakuiamini tena mikono yake, na aliyemfikisha hapo ni yeye Ikupa. Akaingia ndani analia.

"Mjomba, hukukosea. Niliikata mimi. Nilimtengenezea bibi ngata."

Amoni alimgeukia.

"Kwa hiyo nilipima sawa?"

"Ulipima sawa, mjomba."

Akakaa chini, akacheka huku machozi yakimtoka. Lilian hakucheka hata kidogo.

Asubuhi walikwenda wote kwa Pudensiana. Ikupa alieleza kosa lake, na Amoni akaeleza habari ya matambara. Pudensiana aliwagombeza wote wawili, kisha akazima mashine mpaka Amoni arudi kutoka Mbeya. Siku ile Ikupa hakwenda shule, na mchana kutwa aliona wagonjwa wakirudishwa. Mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa aliuliza aende wapi, na Ikupa akatazama sakafu.

Amoni alirudi na sponji, akayavalisha mabomba vizuri, kila moja na nguo yake. Kesho yake dari ilikuwa kavu na mashine ikawashwa.

"Nisamehe, mjomba," Ikupa alisema.

"Nimekusamehe. Sponji nimeipata Mbeya, hilo limekwisha. Lakini zile siku nilizojiona mjinga, na wewe umesimama pale unanitazama tu, hizo sizipati dukani. Nami nilificha, nikawaponza wagonjwa. Ukikosea, Ikupa, sema siku ileile, kabla mwingine hajaanza kulipa kwa ajili yako."

"Ndiyo, mjomba," alijibu, na safari hii alimtazama usoni.