Maneno ya Marehemu Uelese

Penina alikuwa anakuna nazi alipotamka, kwa sauti nzito ya baba yake, "Sabuni." Kisha akaendelea kukuna. Nyumba ikanuka matufaha, na pale kijijini, kisiwani Savai'i, Samoa, tufaha halioti.

Mama yake, Lanuola, alilijua neno lile. Marehemu mumewe, Uelese, alivuna matufaha New Zealand miaka mingi, na jasho lake akaliweka kwenye pochi ya sarafu za kidijitali. Pochi ile haina benki wala meneja wa kumlilia. Ufunguo wake ni maneno kumi na mawili, na ayajuaye ndiye mwenye pesa. Hizo ndizo zilikuwa pesa za kumpasua Penina moyo wake mgonjwa hospitalini. Uelese alikataa katakata maneno yale yasiandikwe. Basi walipomzika mbele ya nyumba, kama ilivyo desturi ya huko, Lanuola akawa anakaa juu ya kaburi kila asubuhi na kumnong'oneza maneno yale, ili yeye mwenyewe asije akayasahau. Alidhani maiti hutunza siri. Masikini!

"Sabuni" lilikuwa la kwanza. Yaliyofuata yalikuja jioni jioni, saa ya sala, kijiji kizima kikiwa kimya na nyumba zile hazina kuta, harufu ya matufaha ikitangulia, macho ya mtoto yakigeuka meupe, midomo ikiwa ya buluu, kifua kikikoroma, na sauti ya mfu ikipanda hadi nyumba za ng'ambo ya barabara, ambako watu waliacha kusali wakatega masikio.

"Shemeji," Tanielu, mdogo wa marehemu, aliita kwa kunong'ona kutoka nyumba ya pili, "mwambie kaka apaze sauti. Lile la jana sikulipata vizuri."

"Ukome, Tanielu! Mtoto anakufa huyu!"

Bibi Seletute, mganga, alimkanda Penina kwa majani na mafuta, akatikisa kichwa. "Mwanangu, ulimtwika maiti mzigo wa walio hai. Mwache autue wote, ndipo atoke."

"Akiutua wote, bibi, mtoto atapasuliwa kwa pesa gani?"

"Mimi natoa majini. Mambo ya simu siyajui."

Lanuola alikuwa amechoka hadi mifupani. Mchana ule, neno likiwa limebaki moja, akafungua pochi mpya kwenye simu, yenye maneno mapya, akahamishia kila kitu. Maneno aliyameza kwa macho tu. Hakuyaandika, hata mdomo hakuuchezesha.

Jioni neno la mwisho la zamani likatoka. Penina akatapika povu, harufu ikakatika, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mama, nina njaa."

Lanuola alilia, kisha akacheka. Tanielu alikuwa ameinamia simu yake, akibonyeza na kubonyeza, pochi tupu. Mwache Lanuola acheke!

Akampakata mwanawe, akamlisha magimbi kwa vidole. Mtoto akatafuna polepole, akameza, macho yakageuka meupe. Akatamka neno la kwanza la pochi mpya, na safari hii sauti ilikuwa ya Lanuola mwenyewe.

Nyumba ya pili, mtu akapunguza redio.