Rangi Juu ya Ukungu

Kila asubuhi ya msimu wa mvua, Chiriku aliamka uso kwa uso na mashati ya watu. Mama yake alikuwa dobi, na mvua ilipokaza, nguo za wateja zilianikwa kwenye kamba chumbani mwa watoto. Chiriku aliinama, akapita chini ya suruali za mwalimu mkuu kwa heshima zote, kisha akamwamsha mdogo wake, Kitinda. Jina la Chiriku alipewa na baba kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kitinda alikuwa bado mdogo, tena ana pumu.

Dirisha la chumba hicho halikufunguliwa kamwe. "Baridi itamwingia mtoto," mama alisema kila mara. Basi dari ikaota madoa meusi ya ukungu, kwanza pembeni, halafu juu ya kitanda chenyewe.

Jumamosi moja, mama alipokuwa anatoka kupeleka nguo, alimkabidhi Chiriku ndoo, sabuni na brashi. Kopo la rangi nyeupe aliliweka kando.

"Sugua ukungu mpaka utoke wote, mwanangu, kisha uache dari ikauke kabisa. Rangi atapaka baba yako."

"Sawa, mama."

Chiriku alipanda juu ya meza, akaanza kusugua. Maji meusi yalimchuruzika hadi kwapani, na nje wenzake walikuwa wanaruka kamba. Uvivu ukamshika. Alifungua kopo, akapaka rangi juu ya ukungu uleule, na dari ikang'aa.

"Hata rangi umepaka!" mama alisema aliporudi. "Ulisugua kote kwanza?"

"Kote, mama," Chiriku alijibu bila kupepesa macho.

Kitinda hakupata nafuu. Alizidi kukohoa, na kifua chake kilitoa sauti kama filimbi. Jioni moja Chiriku aliwasikia wazazi wake wakizungumza sebuleni.

"Dawa anatumia, dari tumesafisha, na bado mtoto anahangaika," mama alisema. "Labda hewa ya huku haimfai. Tumpeleke kwa bibi yake, akaishi hukohuko."

Baba alikubali. "Kama hakuna njia nyingine, nitampeleka Jumapili."

Chiriku aliingia chumbani kwao. Kitinda alikuwa ameketi kitandani, mabega juu, akivuta pumzi kwa taabu.

"Dada, leo mbona hunisimulii kitu?" aliuliza.

Chiriku alitazama dari, akaenda sebuleni. "Mama, sikusafisha dari. Nilipaka rangi juu ya ukungu, nikakudanganya."

Baba aliinuka palepale. Alikwenda chumbani, akapanda juu ya meza na kukwangua rangi kwa ukucha. Ilibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake ukungu ulikuwa umetapakaa. Mama alimkumbatia Kitinda, akalia.

Kesho yake Kitinda alipelekwa kwa jirani, ili asivute vumbi. Dirisha lilifunguliwa. Baba na Chiriku walifunga vitambaa puani na mdomoni, wakakwangua rangi, wakasugua kwa sabuni, wakafuta. Mwisho walipitisha dawa ya mama ya kutakatisha nguo nyeupe, iliyotiwa maji mengi.

"Hii usiichanganye na dawa nyingine yoyote," baba alionya. "Mvuke wake ni sumu."

Mama mwenyewe ndiye aliyeifungua kamba ya nguo. "Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nguo mbichi na dirisha lililofungwa, unyevu utakwenda wapi kama si darini? Kamba itahamia barazani, na dirisha litafunguliwa kila siku."

Jumapili ilifika na safari haikuwapo. Kitinda aliendelea na dawa zake, na kikohozi kilianza kupungua. Mama alimwita Chiriku, akamwonyesha begi lililokuwa limeshafungwa.

"Rudisha nguo za mdogo wako kabatini," alisema kwa upole. "Ungenyamaza kidogo tu, leo angekuwa njiani kwa sababu ya uongo wako. Ukiharibu kazi, njoo useme siku ileile, hata kama nitakugombeza. Magomvi yangu yatakwisha, lakini pumzi ya mtoto ikikatika hatuna pa kuinunua."

Chiriku alilibeba begi hadi kabatini. Alilifungua, akatoa nguo moja moja, na gauni la mwisho la Kitinda akalitundika kando ya lake.