Boga la Nyemo na Zizi la Zamani

Sogeeni, wajukuu. Masikio mmekuja nayo? Haya.

Huko Ugogo, kwenye udongo mwekundu, alikuwako Nyemo. Nyemo alikuwa mdogo, lakini ahadi yake ilikuwa kubwa.

"Bibi, nitakulimia boga."

"Liwe laini, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Meno yangu yamenikimbia. Yamebaki mawili, na hayo mawili hayasalimiani!"

Nyemo alikuwa na mbegu tatu tu. Ya kwanza akaipanda nyuma ya nyumba.

*Chimba, chimba, fukia.*
*Mbegu yangu, amka!*

Ikaota. Jua likawaka. Ikanyauka.

Ya pili akaipanda kando ya njia.

*Chimba, chimba, fukia.*
*Mbegu yangu, amka!*

Ikaota. Jua likawaka. Nayo ikanyauka.

Kaka yake, Malogo, akacheka. "We Nyemo! Unalima boga au unalima kuni?"

"Niache!"

Ikabaki mbegu moja. Moja tu! Nyemo akaifumbata mkononi.

Akapanda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha kufukuzia ndege shambani. Akakaa huko, kanuna.

Akatazama chini. Mtama ulikuwa bado mfupi, wa magotini. Huku kijani hafifu. Kule kijani hafifu. Na pale katikati... lo! Kijani kilichokolea, mviringo kama sinia.

"Bibi! Nani kachora duara shambani?"

Bibi akaja na fimbo yake. Ko, ko, ko. Nyemo akashuka, wakaingia ndani ya duara. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Miguu ya Nyemo ikazama, fyu, fyu.

Bibi akachokonoa udongo kwa fimbo. Halafu akatabasamu.

"Hapa palikuwa na zizi la bibi yangu. Nilikuwa mdogo kama wewe. Ng'ombe walilala hapa. Mooo!"

"Wako wapi sasa?"

"Walishaondoka, mama, zamani sana. Lakini samadi yao wametuachia."

"Samadi si mavi hayo?" Nyemo akaziba pua.

"Hayanuki tena. Yamekuwa udongo, ndio unaoushibisha mtama huu. Nusa!"

Nyemo akanusa. Kweli, palinukia mvua.

Akafungua kiganja. Mbegu ya mwisho ile.

*Chimba, chimba...* Tiki!

Kipande cha chungu kilichovunjika! Kilikuwa na alama ya kidole gumba. Nyemo akaweka kidole chake. Kikaenea sawasawa.

"Kidole cha nani, Bibi?"

"Labda cha bibi yangu. Labda cha bibi yake. Wengi walifinyanga na kupika hapa, kando ya zizi."

Nyemo akachota maji kwa kigae kile. Akamwagilia, polepole.

*...fukia.*
*Mbegu yangu, amka!*

Ikaota. Jua likawaka. Haikunyauka! Ikatambaa, ikatambaa, ikapita katikati ya mtama. Ikazaa boga, kubwa hilo!

Malogo akaja kuchungulia. "Nyemo, hizi kuni zako zinaliwa?"

"Zinaliwa. Haya, zibebe!"

Malogo akabeba. Hii! Hii! Jasho likamtoka.

Jioni boga likaiva jikoni. Bibi akala, nyamu, nyamu.

"Meno yako yamesalimiana, Bibi?"

"Leo hayana hata kazi, mjukuu wangu. Boga limeyeyuka lenyewe!"

Mbegu wakazianika. Nyemo akajilaza ubavuni kwa Bibi, kigae kikiwa mkononi, akiwawaza ng'ombe wale.

Mooo... Ng'ombe wa zamani hao, wanarudi zizini. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu...

Nyemo kalala. Nanyi, wajukuu, wapisheni ng'ombe wapite. Akiingia wa mwisho, fumbeni macho.