Pasi Ikarudi Mezani

Mume wangu ni fundi cherehani. Ana ugonjwa sugu wa kuvimba utumbo. Ukimshika, tumbo humkata, huharisha damu na nguvu humwishia. Dawa zilipomtuliza, niliamua kumlea kama yai.

Nikasogeza kila kitu karibu naye. Pasi kulia, mkasi kushoto, vitambaa miguuni. Alikaa asubuhi hadi jioni bila kuinuka.

Binti yetu alikuwa amebakiza wiki nne aanze shule.

"Baba, utanipeleka siku ya kwanza?"

"Mama atakupeleka," akajibu, macho kwenye sindano. Uzi ulimkatikia mara mbili.

Siku hiyo muuguzi wa kliniki yake alikuja kupimwa sare. Akatazama huku na huku.

"Mdogo wangu, umemfunga mumeo kwa kamba gani?"

"Ya mapenzi, dada. Si apumzike?"

"Akizidiwa, ndiyo. Sasa katulia. Kukaa tu kutamlegeza."

Akatueleza. Utumbo una vijidudu wengi mno. Wengi ni wema: husaidia kusaga chakula na kulinda ukuta wa utumbo. Ugonjwa huu huwavuruga. Huenda mazoezi mepesi yakawasaidia, ila watafiti bado wanachunguza. Lakini kutembea huwapunguzia wagonjwa wengi uchovu na mawazo.

"Kumbe nina wapangaji," mume wangu akasema, "na mwenye nyumba nimelala."

"Basi watembeze. Ila dawa usiache hata kidonge. Ukiona damu au homa, pumzika, uje kliniki."

Akainamisha kichwa. "Na nikibanwa njiani?"

Kumbe hofu hiyo ndiyo iliyomfungia ndani. Mimi mkewe sikujua.

"Jueni kwanza vyoo viko wapi," muuguzi akasema. "Anzeni na hatua chache."

Nikairudisha pasi kwenye meza ya mbali.

"Mke kageuka kocha," akanung'unika. Lakini aliinuka, akinishika bega.

Wiki ya kwanza tulifika kona. Ya pili, duka la mikate. Mwenye duka akatuonyesha choo, akasema karibuni wakati wowote. Ya nne, tukaliona geti la shule.

Siku ilipofika, binti alimshika baba yake mkono. Mimi nilibeba mkoba, nyuma yao. Kwenye duka la mikate mume wangu alisimama.

"Umechoka, baba?"

"Kidogo. Wapangaji wangu wanapunga hewa."

Nilitaka kumwambia arudi. Nikahamishia mkoba mkono wa pili, nikamngoja.

Getini alipiga goti, akamnyooshea binti kola ya sare aliyomshonea mwenyewe. Kisha akainuka, bila kunishika bega.