Alama ya Yotham Kwenye Kibuyu

Kila asubuhi Raheli alishuka korongoni na wasichana wenzake wa Mvumi kuteka maji. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Walifukua shimo, wakangoja maji yajikusanye, kisha wakayachota kwa kata. Wenzake wakipiga soga, yeye alipitisha kidole juu ya kibuyu kidogo alichokining'iniza begani. Hakikuwa cha maji. Kilikuwa cha alama za wakimbiaji, na hakuna aliyethubutu kukiazima.

Hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa Wajerumani, reli ilipokuwa imekwisha kupita Dodoma ikielekea Tabora. Kila baada ya kuvuna uwele, vijana walishindana mbio kutoka kanisani, wakizunguka kilima na kurudi. Mbio zikiisha, Raheli aliwapelekea waliotangulia kibuyu na msumari. Kila mmoja alichora sikio la ng'ombe na kulitia alama ya zizi la kwao, yaani chale wanazokata masikioni mwa ng'ombe wao. Bashiri, tarishi kutoka mjini ambaye kwao hawakufuga, alichora makubadhi.

Alama ya kwanza, na nzuri kuliko zote, ilikuwa ya kaka yake Yotham. Sikio lilikaa kama litatikisika sasa hivi kufukuza nzi, na chale zake mbili zilinyooka vizuri. Aliichora mwaka alioshinda, kisha akaenda kuponda mawe ya reli. Raheli alikuwa na hamu na kaka yake kuliko alivyoweza kusema, na kila alipomkumbuka aliigusa ile alama.

Tangu Yotham aondoke, alama nazo ziliharibika mwaka hadi mwaka. Wakimbiaji walikuwa wameshajua kwamba wana sifa. Matonya, kijana wa zizi la jirani, zamani alichora taratibu huku ametoa ulimi. Sasa alikwaruza huku anawatazama wasichana. Makubadhi ya Bashiri yalibaki vidoa viwili.

"Hili ni sikio la ng'ombe au la panya?" Raheli alimwuliza Matonya.

"Sikio ni sikio," Matonya alijibu, naye kashaondoka.

"Kaka yangu akirudi mtaona," Raheli alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Na kweli, mwaka huo Yotham alirudi, asubuhi ileile ya mbio. Alikuwa amekonda, na mkono wa kulia ameuficha ndani ya shuka. Watu wakasema ndiyo maringo ya watu wa reli. Alikimbia hivyohivyo, mkono kifuani, akamaliza nyuma ya Bashiri. Raheli alimfikia kabla hajapumua vizuri.

"Kaka, chora. Nimekuwekea nafasi karibu na ile ya zamani."

Yotham alikitazama kibuyu kwa muda mrefu. Kisha akakichukua, akaenda nyuma ya ua wa kanisa peke yake. Aliporudi, Raheli aliona mistari iliyopinda na kukatikakatika, mibaya kuliko hata ya Matonya.

"Ndiyo hii, kaka?"

"Ndiyo hiyo, mdogo wangu. Mpelekee baba aione."

Raheli alikwenda korongoni akalia. Miaka yote hiyo amemngoja, naye anamrudishia mkwaruzo kama wale wengine. Uchungu ulipozidi alishika msumari. Akaitazama ile alama ya zamani, akachimba palepale juu ya mistari iliyopinda, akanyoosha, akapunguza, akaongeza chale mbili. Alipomaliza, mtu asingetofautisha. Akajisikia nafuu kidogo.

Jioni baba yao, Mzee Nikodemo, aliomba kibuyu kama ilivyokuwa desturi yake kila baada ya mbio. Alikigeuza karibu na moto mbele ya nyumba yao ya tembe.

"Ahaa," alisema, na uso ukamkunjuka. "Nilisikia maneno mabaya kutoka huko relini, kwamba mawe yanawavunja vijana mikono. Kumbe mkono wa mwanangu ni uleule. Yotham, kesho utakata wewe masikio ya ndama. Mimi macho yamechoka."

Kazi hiyo haikuwa ya mchezo. Ng'ombe wao walikuwa na chale mbili, wa kina Matonya tatu. Kisu kikiteleza, ndama anahamia zizi la jirani, na ugomvi wake hurithiwa hata na wajukuu. Kwa hiyo aliyekabidhiwa kisu ndiye aliyekabidhiwa zizi.

Yotham alikitazama kibuyu, akamtazama Raheli, akainamisha kichwa. Raheli hakuelewa, lakini chakula kilimshinda.

Asubuhi zizini, ndama wa kwanza alishikwa. Mzee Nikodemo akatoa kisu. Yotham aliutoa mkono kwenye shuka, na hapo ndipo Raheli alipouona. Vidole viwili vilikuwa vimesagika na kukakamaa. Baba alikuwa ameinama kumtuliza ndama, hakuona. Kisu kilikuwa kikimteleza juu ya sikio.

"Baba, usimwache akate," Raheli alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ile alama ya jana nimeichora mimi. Yake ilikuwa imepinda. Nimeifuta."

Mzee Nikodemo aliinuka. Aliutazama mkono wa mwanawe, kisha akauchukua ndani ya mikono yake miwili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilishindwa, baba," alisema Yotham. "Nilichora kwa kushoto. Nikajua utaona mwenyewe, utaelewa bila mimi kutamka. Halafu ukasifu mkono wangu, na ulimi ukafungwa."

Raheli alilia, safari hii si kwa ajili yake mwenyewe. Alidhani amemrudisha kaka yake wa zamani, kumbe alikuwa amemnyima huyu aliyerudi nafasi ya kujieleza.

"Nisamehe, kaka. Nilidhani una maringo."

"Na mimi nilipaswa kukuonyesha mkono," alisema Yotham. "Uliniuliza kama alama ndiyo hiyo, nami nikakuficha."

Mzee Nikodemo alikata masikio mwenyewe siku ile, polepole, huku Yotham akimwonyesha mahali pa kukata. Alipomaliza alimpa Yotham kisu na kipande cha ngozi kavu. "Fundisha mkono wa kushoto. Mwakani ndama utawakata wewe." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, mwanangu, sikiliza. Alama ya mtu hueleza hali yake ya siku hiyo. Ikiwa mbaya, muulize mwenyewe kuna nini. Ukimnyooshea kwa siri, umemziba mdomo, na uongo ukiwa mzuri namna ile, hata baba yake hataujua."

Jioni Yotham alichora tena kibuyuni, kwa mkono wa kushoto. Sikio lilipinda, chale moja ikawa ndefu kuliko nyingine. Raheli hakuligusa kwa msumari.

Mwaka uliofuata, Bashiri alipomrudishia kibuyu chenye vidoa vyake viwili, Raheli hakumdhihaki.

"Kaka Bashiri, mkono ni mzima?"

Bashiri alishangaa. Aliutazama mkono wake mzima, akaona haya. "Mzima, dada. Ni haraka tu." Akaomba msumari, akakaa chini, akaanza kuchora kubadhi.

Raheli alisimama akimngoja, na kidole chake, kwa mazoea, kikatafuta alama ya Yotham. Siku hiyo kilizipita zile mbili zilizonyooka, kikatulia juu ya ile iliyopinda.